Sekunde Kumi na Moja za Norden Yolmo

Katika shule yetu, iliyong'ang'ania mlima juu ya mji wa Kurseong kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, mimi Tirthankar Bagchi, ambaye kila mtu ananiita Tukai, ndiye niliyekuwa mtaalamu wa kifafa. Sikuwa nacho. Nilikiigiza mara moja tu, asubuhi ya mtihani wa hesabu, na naomba ieleweke kwamba maandalizi yalikuwa ya hali ya juu: povu la dawa ya meno, macho yaliyofumbwa kwa nguvu zote, na mguu mmoja ukipiga sakafu ya bwalo la chakula bila kukosea mdundo.

Kosa langu ni kwamba sikuwa nimemfikiria Harka Daju. Huyu ni mlinzi wa geti, na sisi sote tulimwita Daju, yaani kaka mkubwa. Huku milimani mtu akianguka kifafa hunusishwa kiatu cha ngozi. Hilo halina mjadala. Harka Daju alivua buti lake la kulia, ambalo naamini lilikuwa halijaachana na mguu tangu mvua za mwaka uliotangulia, akanibandika puani. Mpishi akanishikisha shada la funguo, kwa kuwa chuma nacho kinasaidia. Mtu wa tatu alikuwa njiani na kitunguu.

Ndipo akaingia Sista Aleyamma, muuguzi wa shule, mama mfupi kutoka Kerala mwenye saa iliyobanwa kifuani ikining'inia kichwa chini.

"Toa hicho kiatu, Harka! Unataka kumponya au kumuua?"

"Sista, lakini bibi yangu..."

"Bibi yako nitamwandikia barua. Toa na funguo. Asishikwe, asitiwe kitu mdomoni. Sogezeni hilo benchi lisije likampasua kichwa."

Alinilaza ubavu, akatazama saa yake, kisha akauinua mkono wangu juu ya uso wangu na kuuachia. Mkono ulipaswa kuniangukia puani. Badala yake ulikata kona kwa adabu ukatua kando. Sista akainama sikioni kwangu.

"Mwanangu, mwenye degedege la kweli macho yake huwa wazi. Na mkono wake haujali pua ya mtu. Mtihani unaanza saa tatu. Una dakika kumi na mbili za kunawa hilo povu."

Nilipata alama kumi na tisa kwa mia. Nayasema haya yote ili ijulikane kwa nini, lilipotokea lile la Norden, neno langu lilikuwa na uzito wa ganda la karanga.

Norden Yolmo alilala kitanda cha juu yangu. Baba yake anakausha majani kwenye kiwanda cha chai bonde la pili, na yeye alisoma kwa ufadhili wa shule, nafasi mbili tu kila mwaka, akili nyingi na adabu nyingi. Adabu aliipoteza kidogo kidogo kwa kukaa karibu nami, lakini akili alibaki nayo. Alipiga pia ngoma kubwa ya bendi, ile inayofungwa kifuani, pigo moja kwa kila mguu wa kushoto.

Siku ya Gwaride la Mwasisi tulitembea wanafunzi mia mbili na arobaini mbele ya jukwaa. Mgeni rasmi alikuwa brigedia mstaafu mwenye masharubu ambayo peke yake yalistahili saluti. Bweni letu lilipofika sawa na jukwaa, ngoma kubwa ilinyamaza.

Haikukosea, ilinyamaza tu. Norden alisimama na rungu la ngoma likiwa hewani, macho yametazama juu kidogo, kana kwamba mtu amemwita kutoka kwenye paa la kanisa. Ngoma ndogo zikamtafuta, zikamkosa, zikapotea. Mstari wa pili ukauvaa wa kwanza, na mbeba bendera akamkumbatia mpiga tarumbeta. Brigedia aliendelea kupiga saluti kwa rundo la watoto waliolala chini. Halafu rungu likashuka, duu, na Norden akaendelea kupiga kwa mdundo uleule, akatembea peke yake hatua sita kabla ya kugundua kwamba hana jeshi.

Mimi nilikuwa nimelala chini ya rundo nikicheka mpaka machozi. Mpiga picha wa shule aliniona, na picha ikawa ushahidi.

"Bagchi," alisema Mwalimu Mkuu, Bwana Mukhia, mzee mrefu anayezungumza polepole kama anayesoma hukumu. "Mbuzi aliyeingia maabara, ulikuwa wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kengele iliyolia saa nzima mapema?"

"Ilikuwa mimi, Mwalimu."

"Na hili la jana?"

"Hili si mimi, Mwalimu. Naapa."

Alinitazama jinsi mtu anavyotazama samaki aliyekaa juani siku mbili. Akamgeukia Norden, na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea.

"Ni mimi," alisema Norden. "Nilifanya makusudi. Ulikuwa mzaha."

Hukumu ilitoka hapohapo. Mimi, ambaye baba yangu analipa ada mapema kila mwaka, nilipewa wiki mbili za kukata nyasi. Norden, kwa kuwa mfadhiliwa haruhusiwi utukutu, angerudishwa kwao Jumamosi na gari la mboga, na nafasi yake angepewa mtoto mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mpaka Jumamosi naye angekata nyasi.

"We mjinga kweli," nilimwambia tukiwa uwanjani na mundu. "Mzaha gani? Mzaha wa bweni zima ningeukosa mimi?"

"Nilitaka kukushinda."

"Hunishindi hata usingizini. Sema ukweli."

"Kata nyasi, Tukai."

Nilikata nyasi, lakini nilikuwa nikiwaza. Mwezi uliopita, tukila viazi bwaloni, Norden aliwahi kuganda na kijiko mbele ya mdomo, midomo ikicheza kama anayeonja kitu. Nilihesabu mpaka kumi, kisha akakitia kijiko mdomoni na kumalizia sentensi aliyoianza. Nilimpigia makofi. Nilidhani ananiigiza mimi, na nakiri niliona wivu, kwa sababu aliigiza vizuri kuliko mimi. Sasa, nikiwa nimechuchumaa kwenye nyasi, swali liliniwasha kama upupu: kama si mzaha, alikuwa ameenda wapi?

Nilikwenda kwa Sista Aleyamma. Alikuwa akipanga chupa kabatini na hakugeuka.

"Leo unaumwa nini, Tukai? Kipindupindu?"

"Sista, Norden hakufanya makusudi."

Nikamweleza ngoma, kijiko, macho. Nilipofika kwenye midomo inayocheza, aliiweka chupa chini.

"Alianguka?"

"Hapana."

"Alikojoa? Alichanganyikiwa baadaye?"

"Hapana. Aliendelea tu, kama redio umeme ukirudi."

"Nani kakufundisha hiyo ya redio?"

"Hakuna. Kwetu Jalpaiguri mgao wa umeme ni kila siku."

Alitoa daftari jembamba mezani na kulisukuma kwangu.

"Mwalimu Mukhia hatanisikiliza kwa hadithi yako, na mimi mwenyewe siamini hadithi. Kesho mnakata nyasi pamoja mchana kutwa. Akiganda, usimguse, usimpigie kelele, usimtanie. Kama yuko karibu na ngazi au kitu chenye makali, msogeze au kisogeze. Kisha andika saa, sekunde ngapi, macho yalikuwaje, midomo, mikono, na alifanya nini baadaye. Usiandike unachodhani. Andika unachoona."

Alinikopesha na saa yake mpaka Alhamisi jioni. Naomba nikiri kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kunikabidhi kitu chenye thamani kuliko chaki.

Ukurasa wangu wa kwanza ulisema: *Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, roho ya Norden iliuacha mwili na kuzuru milima.* Sista aliusoma wakati wa chai, akaupiga mstari mwekundu.

"Uliiona roho?"

"Hapana, Sista."

"Basi uliona nini?"

Niliandika upya. *Saa 2:14. Sekunde tisa. Macho wazi, yametazama juu kushoto. Kope zilipepesa. Mundu ulibaki mkononi, nikauchukua. Baadaye aliuliza mundu wake uko wapi.* Na kuanzia hapo sikuweza kuacha. Ilikuwa kama kugundua kwamba jirani yako wa kitanda kwa miaka miwili ana mlango wa siri kifuani. *Saa 4:40, sekunde saba, katikati ya tusi; tusi lilimaliziwa. Saa 6:05, sekunde kumi na mbili, akitafuna jibini gumu. Taya zilisimama, kisha midomo ikacheza. Saa 8:31, sekunde sita, hakujibu jina lake mara mbili.* Kufikia jioni ya Alhamisi nilikuwa na mara nane. Mara nane! Na walimu wote walikuwa wakimwandikia kwenye ripoti kwamba ana akili ila huota ndoto za mchana.

Ijumaa asubuhi Norden alilipata daftari mfukoni mwa koti langu.

"Hii nini?" Alisoma, na uso wake ukabadilika rangi. "Umeniandika kama mende wa maabara."

"Norden, we hujui kama unaganda?"

"Sigandi!"

"Mundu wako jana niliuchukua mkononi mwako. Ulinikatalia?"

Aliketi kwenye nyasi zilizokatwa.

"Najua kuna vipande vinakosekana," alisema mwishowe. "Mwalimu anaandika mstari wa kwanza ubaoni, nikitazama tena yuko wa tatu. Nilidhani watu wote wako hivyo. Lakini kwenye gwaride nilipowaona mmelala chini... nilijua ni mimi. Sikujua nimefanya nini, ila nilijua ni mimi."

"Sasa si useme!"

"Niseme nini? Kwamba nina kifafa?" Alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini sana. "Kule kwetu kwenye mashamba ya chai kuna nyumba moja yenye ugonjwa huo. Hakuna anayeingia kunywa chai. Dada yangu Dechen ameposwa mwaka huu. Wakisikia, posa itarudi. Nikifukuzwa kwa utukutu, baba atanichapa, basi. Mtukutu hupona. Bora niwe wewe, Tukai."

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kutaka kuwa mimi, na siku alipotokea mmoja sikufurahi hata kidogo.

"Nitamwambia Mkuu."

"Mwambie. Nani anakuamini we?"

Hapo alinipiga pale penyewe. Nikajaribu mlango mwingine.

"Sista anashuku una kifafa. Kama huna, twende ukamwonyeshe amekosea. Yule mama hajawahi kukosea tangu azaliwe. Hutaki kumwona akiomba radhi?"

Norden naye ana kiburi chake.

"Twende," alisema.

Kumbe Sista hakuwa akingoja tumjie. Alikuwa ameshamleta Bwana Mukhia zahanati kwa kisingizio cha kukagua hesabu ya blanketi. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti cha wagonjwa na rejista kubwa ya shule mapajani, magoti yakimfika kidevuni.

"Sista, nina dakika tano. Kijana amekiri mwenyewe."

"Watu hukiri mengi, Mwalimu. Nipe hizo tano." Alitoa mapangaboi mawili ya karatasi yaliyochomekwa kwenye vijiti, yale ya watoto yanayozunguka ukiyapuliza. "Huu si ushirikina. Wapo ambao wakivuta pumzi nyingi kwa nguvu dakika chache, lile tatizo hujitokeza mbele ya macho. Tukai, kaa hapa. Norden, pale. Mtapuliza mfululizo, pumzi ndefu ndefu, mpaka niseme basi. Anaanza Tukai."

"Kwa nini mimi, Sista? Mimi mzima."

"Ndiyo maana. Nataka Mwalimu aone mzima anavyoigiza. Puliza, na ukifika dakika ya pili ganda. Ganda kwa ufundi wako wote."

Siwezi kueleza heshima niliyoihisi. Nilipuliza mpaka vidole vikaniwasha, kisha nikaganda. Naamini ulikuwa mgando bora wa maisha yangu: macho juu kushoto, kope zikipepea, midomo ikionja hewa, kila kitu kama nilivyoandika daftarini. Sista alipiga makofi sikioni kwangu, sikutikisika. Bwana Mukhia aliguna kwa mshangao. Halafu Sista akasema taratibu, kama anayejisemea:

"Oo, kumbe mama yake Tukai amefika. Yuko pale mlangoni."

Naapa sikukusudia. Shingo iligeuka yenyewe.

"Umeona, Mwalimu?" alisema Sista. "Mwili unaoigiza bado uko nyumbani. Ukiuita vizuri, unaitika. Sasa Norden."

Norden alipuliza kwa hasira. Pangaboi lilizunguka mpaka likawa duara jeupe. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Sista alikuwa karibu naye, mkono mmoja nyuma ya kiti asije akaanguka. Dakika ya pili hakuna kitu, na Norden alinitupia jicho la ushindi. Nami, aibu yangu, nilianza kuomba kimoyomoyo rafiki yangu awe mgonjwa.

Pangaboi lilipunguza mwendo, likasimama.

Macho yake yalipanda juu kidogo. Kope zilipepea. Midomo ilianza kuonja.

"Norden," alisema Sista kwa upole, akitazama saa, "baba yako amefika. Yuko mlangoni."

Hakuna kitu. Hata unywele. Bwana Mukhia aliinuka, akapunga mkono wake mrefu mbele ya yale macho. Hakuna kitu. Akaichukua rejista ya shule, kitabu kizito kama tofali, akaiangusha sakafuni. Mimi niliruka. Chupa kabatini ziliruka. Norden hakupepesa zaidi ya alivyokuwa akipepesa.

"Kumi na moja," alisema Sista.

Na pangaboi likaanza kuzunguka tena. Norden alipuliza pumzi tatu, kisha akasimama kwa kuwa sisi sote tulikuwa tukimtazama.

"Mbona mmenyamaza? Si nimemaliza dakika mbili na sijaganda?" Akatazama chini. "Nani ameitupa rejista?"

Bwana Mukhia aliinama, akaiokota mwenyewe, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mtu mwanangu. "Nimeiangusha mbele yako."

Norden alitutazama mmoja mmoja, akianzia kwangu, kwa sababu mimi ndiye ambaye angenitegemea nicheke. Sikucheka. Hapo ndipo alipoamini.

"Inakwenda wapi?" alimuuliza Sista. "Hizo sekunde. Zinakwenda wapi?"

"Hata madaktari wanaendelea kuuliza," alisema Sista, akichuchumaa mbele yake. "Tunachojua ni kwamba umeme wa ubongo unavurugika kidogo, halafu unakaa sawa. Hukulogwa na huambukizi. Tena huna wazimu. Darasani unashika namba gani?"

"Ya pili."

"Na hapo kila ukiganda unakosa kipande cha somo. Ngoja tukupe na hivyo vipande."

Bwana Mukhia alikohoa. Uso wake ulikuwa umelainika, lakini ulikuwa umeingiwa na hofu nyingine, na nikaona hatujatoka.

"Sista, adhabu naifuta. Lakini shule hii ina ngazi mia tatu na bwawa. Akiganda kwenye ngazi? Mtoto mgonjwa mahali pake ni nyumbani kwa wazazi."

Kwa hiyo mtukutu angefukuzwa, na asiye mtukutu naye angefukuzwa, kwa huruma. Norden alinitazama kana kwamba anasema: nilikwambia.

Sista Aleyamma alisimama. Hata akisimama anamfika Bwana Mukhia kwenye mbavu.

"Nyumbani kwao kuna bonde, moto wa kuni na mto, Mwalimu. Na hakuna muuguzi. Hapa atahamia kitanda cha chini. Bwawani ataingia nikiwepo mimi, hatapanda miti, na atalala saa zake zote bila kukesha na vitabu. Jumatatu nampeleka Siliguri kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wampime ubongo, waanze dawa. Dawa itakaa kwenye kabati langu, ataimeza mbele yangu asubuhi na jioni, nami nitaandika kila siku. Wengi wakipata dawa inayowafaa hutulia kabisa. Wako watoto wa namna hii katika kila shule, tofauti ni kwamba wengine wanachapwa."

Bwana Mukhia alifikiri kwa mwendo wake.

"Mzazi lazima akubali," alisema. "Bila mzazi, siwezi. Na aambiwe ugonjwa kwa jina lake."

Norden alikuwa mweupe kama pangaboi. Sista alimuuliza kama anataka yeye aseme kwa niaba yake. Akatikisa kichwa.

"Nitasema mwenyewe."

Tulihamia ofisini, na simu ikawekwa sauti ya wazi juu ya meza. Iliita kiwandani, akapokea mtu, akaenda kumwita mtu mwingine, na kwa muda mrefu tulisikia mashine za kukaushia majani zikinguruma. Kisha sauti ya mwanamume anayepiga kelele kwa mazoea ya kelele:

"Norden? Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, baba."

"Hawapigi simu kwa kutokufanya kitu!"

"Baba, naumwa." Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, nami nikaweka wangu karibu, si juu yake, karibu tu. "Nina kifafa. Si kile cha kuanguka. Naganda tu, halafu narudi. Sista ameona na Mwalimu Mkuu ameona. Kuna daktari Siliguri. Wanasema naweza kubaki shuleni ukikubali."

Mashine ziliendelea kunguruma. Hakuna sauti nyingine. Nilitazama saa ya kifuani kwa Sista, maana nilikuwa nimeshazoea kuhesabu, na ukimya ule ulipita sekunde ishirini. Norden alifumba macho.

"Mama yako asubuhi hii ametuma mayai na gari la mboga," sauti ilisema hatimaye, chini kidogo kuliko mwanzo. "Utayapata kesho."

"Ndiyo, baba."

"Hiyo dawa." Akakohoa. "Inamezwa kabla ya kula au baada?"

Sista Aleyamma alivuta kiti karibu na simu, akaketi.

"Daktari ndiye atakayesema, baba Norden," alisema. "Lakini nyingi ni baada ya kula. Una kalamu? Chukua kalamu, nikupe na namba yangu."